Loke ya Kushoto

Mlango wa nyuma wa pikapu ya shangazi yangu ulifika nyumbani peke yake. Pikapu ilifika baadaye, baada ya saa mbili nzima, na shangazi alikuwa ndani yake, mkono mmoja kwenye usukani, hajui kama kuna kitu amepoteza.

Aliyeuleta mlango ni motari, yaani mwendesha pikipiki wa abiria. Alikuwa ameufunga nyuma yake kwa wima, kama abiria asiyependa kukunja mgongo. Alisimama mbele ya lango letu, hapa mtaa wa Mbunya, mjini Bunia, akazima injini, akauliza kama ng'ombe huyu ni wa hapa. Hakukosea kuuliza hivyo. Mlango ule umechorwa kichwa cha ng'ombe, kazi ya mchoraji wa mabango ambaye siku ile hakuwa na ng'ombe wa kutazama, kwa hiyo jicho moja linakutazama wewe na lingine linamtazama jirani. Kutoka Bunia mpaka Mongbwalu hakuna anayejua namba ya gari la shangazi, lakini ng'ombe wake anajulikana na kila mtu.

Motari alikuwa ameuokota kwenye kona ya mteremko, barabara ya Mongbwalu, pamoja na mikungu miwili ya ndizi, akaja kwa njia ya mkato ya pikipiki, kwa hiyo gari lenyewe hakukutana nalo. Mkungu mmoja aliutua miguuni petu. Wa pili, alieleza bila kuulizwa, ulikuwa umepondeka sana.

Hakuna aliyemsikiliza habari za ndizi. Mlango wa gari ukija bila gari, kutoka barabara ile, watu hawahesabu ndizi. Mama yangu alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Baba mdogo, ambaye ua wake unapakana na wetu, alitoka na sabuni usoni, upande mmoja amenyoa, upande mwingine bado. Alijaribu simu ya shangazi mara nyingi na kila mara ikajibu kwamba haipatikani, jambo la kawaida kabisa kwenye barabara ile, lakini siku hiyo hakuna aliyelikumbuka. Majirani walianza kuingia mmoja mmoja. Mtu akaleta viti vya plastiki. Mtu mwingine, sijui nani, akaanzisha wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na wanawake wakaupokea.

Basi tulikuwa watu kama thelathini uani, viti vimepangwa, tumefika wimbo wa tatu, pale honi tunayoijua ilipolia langoni. Shangazi aliingiza gari, akashuka, akatazama viti.

"Nani amekufa?" akauliza.

Alitutazama mmoja mmoja, kama anayehesabu nani hayupo, kisha macho yake yakafika kwenye ukuta, ambako ng'ombe alikuwa ameegeshwa. Akazunguka nyuma ya pikapu. Akasimama pale, mikono kiunoni, akitazama nafasi iliyokuwa na mlango.

"Ah," akasema. "Njo maana nilikuwa nasikia upepo."

Watu walicheka mpaka wengine wakalia, na waliokuwa wanalia tayari wakaendelea. Baba mdogo peke yake hakucheka. Alirudi ndani kumalizia kunyoa, na nadhani ni mbele ya kioo chake ndipo alipokata shauri.

Lazima nieleze gari lenyewe. Ni pikapu ya Kijapani ya zamani, ya watu wawili mbele na mizigo nyuma, yenye umri mkubwa kuliko wangu, nami si kijana. Mume wa shangazi ndiye aliyeinunua. Alipofariki, watu wote walidhani itauzwa. Badala yake shangazi, aliyekuwa amepita miaka arobaini na hajawahi kugusa usukani, alikwenda nayo kwenye uwanja wa mpira wa shule kila jioni kwa mwezi mzima, akajifunza kuzunguka magoli bila kuyagusa. Goli moja bado limeinama. Tangu wakati huo, kila Jumanne barabara ikiwa wazi, hupakia kabichi, maharage na vitunguu na kuwapelekea wachimbaji wa dhahabu Mongbwalu, kisha Jumatano hurudi na ndizi na mawese. Barabara ikifungwa, kwa mvua au kwa bunduki, husubiri ifunguliwe. Hana dereva, hana mpakiaji. Huenda peke yake na redio.

Mlango wa nyuma wa gari kama hilo hushikwa na vitu vichache. Chini kuna bawaba mbili zinazouwezesha kulala. Pembeni kuna minyororo miwili inayouzuia usilale kupita kiasi. Na juu, kila upande, kuna komeo la chuma ambalo garajini tunaliita loke: lina mkono wa kushika na ulimi unaoingia katika tundu la bodi. Loke ya kulia ya shangazi ilikuwa nzima. Ya kushoto ilikuwa imelegea miaka mingi, na kwa miaka mingi hiyo ilisaidiwa na kamba ya kauchu, yaani mpira wa ndani wa tairi uliokatwa vipande virefu. Siku ile kauchu ilikatika, loke ikang'oka, bawaba na minyororo vikafuata, na mlango ukashuka kama mtu aliyefika kituo chake.

Jumapili baba mdogo aliitisha kikao cha familia. Mimi ndiye katibu wa vikao vyetu, si kwa sababu nyingine ila mwandiko wangu unasomeka. Tulifungua kwa sala. Kisha baba mdogo, ambaye amefundisha shule ya msingi maisha yake yote na hajawahi kuendesha kitu chochote zaidi ya baiskeli, alieleza hoja yake kwa utaratibu kama yupo ubaoni. Dada yake ana miaka zaidi ya sitini. Gari ni zee. Barabara ni mbaya. Kwa hiyo gari liuzwe, au aajiriwe dereva, na dereva alikuwa amekwisha kumpata, kijana wa kwaya mwenye adabu.

Shangazi alijibu kwamba hana neno na kijana wa kwaya, lakini hawezi kukaa kiti cha abiria ndani ya gari lake mwenyewe na kuulizwa kama anataka dirisha lifunguliwe. Akaongeza kwamba kosa halikuwa la dereva. Kosa lilikuwa la kauchu.

Mabishano yalikuwa marefu na sitayarudia yote. Yaliishia kwenye makubaliano ambayo baba mdogo aliyatunga mwenyewe, nami nikayaandika neno kwa neno alivyoyasema. Mlango utengenezwe kwa vipuri vya kweli. Ukishatengenezwa, shangazi atafungua, atapakia na atafunga mbele ya familia, peke yake, bila mtu na bila kamba. Akiweza, ataendelea kuendesha na hakuna atakayemuuliza tena. Akihitaji mtu wa pili, basi huyo mtu wa pili atakuwa dereva, na dereva atashika usukani. Shangazi alikubali kabla sijamaliza kuandika. Wote wawili walitia sahihi.

Fundi wetu ana garaji chini ya mabati manne, si mbali na soko. Amelishika gari lile tangu siku za mume wa shangazi, na huwa analisemesha linapomsumbua. Alikagua mlango, akapitisha kidole kwenye matundu yaliyopasuka, akasema bawaba atazichonga mwenyewe kutoka bomba la maji. Lakini loke hapana. Ulimi wake una jino dogo la ndani linaloushika usirudi, nalo limemiminwa kiwandani. Chuma cha kuchonga kwa tupa kingelika kwa mwezi mmoja.

Tulizunguka maduka ya vipuri ya Bunia yote. Kila muuza duka aliniuliza swali lilelile: modele iko wapi? Kwetu hakuna anayenunua kipuri kwa namba ya kitabu. Vitabu vya magari hayo hata sijawahi kuviona. Unabeba kile kilichoharibika, unakiweka juu ya meza ya muuzaji, naye anakitafutia ndugu yake. Kama Bunia hakipo, modele inasafiri. Inapewa dereva wa lori anayekwenda Ariwara, mpakani, na kutoka pale kuna watu wanaovuka nayo mpaka Arua, Uganda, kuitafuta kwenye magari yaliyokatwa. Nimeona pampu za maji, nusu ya gia, hata usukani mzima ukiondoka Bunia namna hiyo, umefungwa kwa kitambaa kama mgonjwa anayepelekwa hospitali kubwa.

Shida yetu ilikuwa moja. Loke iliyoharibika, ya kushoto, ilikuwa imebaki mahali fulani barabarani. Motari aliitafuta siku mbili kila alipopita, akarudi mikono mitupu. Basi fundi alifungua loke ya kulia, ile nzima, akaifuta grisi, akanipa. Nami, kwa kuwa napenda mambo yaende kwa utaratibu, niliikatia karatasi ngumu, nikaifunga kwa waya, nikaandika kwa herufi kubwa: MOJA KAMA HII. Nikamkabidhi dereva wa lori mkononi mwake. Nilikwenda nyumbani nimeridhika.

Ilichukua wiki mbili. Jumanne ya kwanza shangazi aliosha gari. Jumanne ya pili aliliosha tena, kisha akaingia ndani, akafungua redio, akachambua maharage akiwa amekaa kwenye kiti cha dereva, maganda akiyatupa dirishani. Wateja wake wa Mongbwalu walimpigia simu kumuuliza kama kweli amekufa, maana habari za ng'ombe kuanguka zilikuwa zimewafikia kabla ya maelezo. Aliwajibu kila mmoja kwamba bado. Baba mdogo kila alipopita uani alisalimia gari kwanza, kisha dada yake, na alikuwa amekwisha kutangaza siku ya mtihani: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, kabla ya jua kuwa kali.

Kifurushi kilifika Alhamisi ya wiki hiyohiyo. Tulikuwa watatu garajini, shangazi, fundi na mimi. Fundi alikata kamba, akakunjua kitambaa, akaziweka loke mbili juu ya meza, ya zamani na mpya, zimelala sambamba. Akazitazama. Akageuza moja, akairudisha. Akaweka moja juu ya nyingine, na zilifunikana sawasawa, tundu juu ya tundu, mkono juu ya mkono.

Zote mbili zilikuwa za kulia.

Karatasi yangu ilikuwa bado imefungwa kwa waya wake. Fundi aliisogeza karibu na macho, akaisoma kwa sauti.

"Moja kama hii," akasema. "Wamekuletea moja kama hii. Weye katibu, huna kosa hata kidogo."

Shangazi alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kuweka uso. Wiki mbili nzima watu watatu wenye akili, na dereva wa lori wa nne, hakuna aliyefikiri kwamba ukituma mkono wa kulia kama mfano, utaletewa mkono wa kulia.

Kulikuwa na njia mbili. Kutuma tena, safari hii na maelezo, na kusubiri wiki mbili nyingine, pengine zaidi kama mvua itaharibu barabara ya Ariwara. Au kuipindua loke mpya miguu juu na kuifunga kushoto hivyohivyo. Ikipinduliwa, fundi alituonyesha kwa mikono, ulimi unatazama upande unaotakiwa. Shangazi alichagua kupindua. Mtihani ulikuwa Jumamosi, na akiomba siku nyingine, ndugu yake atasema ameogopa.

Ijumaa tuliifunga loke. Nilipenda kazi ile na niliitazama yote. Fundi aliweka jeki na tofali mbili nyuma ya gari ili mlango ukae kwenye urefu wake bila mtu kuushika. Aliingiza bawaba zake za bomba la maji, akazipaka grisi, akafungua na kufunga mlango mara kumi mpaka ukaacha kulia. Minyororo aliifupisha pete moja kila upande. Loke ya kulia ilirudi kwenye matundu yake ya zamani, bulon tatu, yaani bolti zake, zikaingia bila ubishi. Kisha akawasha jenereta ya kuzungusha mashine ya kutoboa, akapindua loke mpya na kuifunga kushoto. Ili kujua ulimi utagonga wapi kwenye bodi, aliupaka oili chafu, akafunga mlango kwa nguvu mara moja, akaufungua. Kwenye rangi ya buluu ya gari lilibaki doa jeusi, nadhifu kama muhuri. Palepale akatoboa.

Mlango ulifungwa. Kulia ulisema tak, kushoto ukasema tok. Fundi akaning'inia juu yake, akaniambia nami nining'inie. Haukutikisika.

Ni wakati wa kuufungua ndipo tulipoelewa. Loke ya kulia ukiivuta mkono wake chini, unabaki chini wenyewe kwa uzito wake, nawe uko huru kwenda upande wa pili. Ya kushoto, kwa kuwa imepinduliwa, mkono wake lazima usukumwe juu. Na ukiuachia, uzito uleule unaushusha, loke inajifunga. Shangazi akasema basi ataanza na ya kulia. Tulijaribu. Lakini ukianza kulia, pembe ya mlango inatoka nje, mlango unajikunja, na ulimi wa kushoto unabanwa ndani ya tundu jipya usitoke hata kwa nyundo. Ilibidi kuanza kushoto, na kushoto hakukubali kuachwa.

Shangazi alijilaza kifua juu ya ng'ombe, akanyoosha mikono yote miwili, mmoja ukishikilia loke ya kushoto, mwingine ukitafuta ya kulia. Alipungukiwa kiganja kimoja. Fundi alipendekeza kupanua tundu la kushoto ili ulimi usibanwe, kisha yeye mwenyewe akakataa, kwa sababu tundu pana ndilo linaloanzisha habari za upepo. Akatafuta springi kutoka kiti cha baiskeli, akaifunga ishikilie mkono juu. Tukatoka nayo kujaribu. Kwenye shimo la kwanza la barabara loke ikajifungua, na ng'ombe akalala chali akatazama mawingu. Tukarudi, akaitoa springi, akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama," akasema, "hii mulango iko naomba watu wawili."

Hakuwa katika kikao chetu. Hakujua kwamba hayo ndiyo maneno pekee ambayo shangazi hakutakiwa kuyasikia. Shangazi alimshukuru, akapanda gari, akaendesha mpaka nyumbani bila kuwasha redio.

Jumamosi baba mdogo alikuja amevaa koti la kanisani. Fundi alialikwa kama mtaalamu. Nilikuwepo na daftari, na ndugu wengine walikaa kwenye viti vilevile vya plastiki, ambavyo wenyewe walikuwa hawajaja kuvichukua. Shangazi aliegesha gari katikati ya ua, akazima, akashuka. Kando kulikuwa na magunia matatu ya kupakia, yasiyojaa sana. Mimi na fundi hatukutazamana. Tulijua kitakachotokea.

Alikwenda upande wa kushoto. Akausukuma mkono wa loke juu kwa mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto akaingia kwenye fundo la kitenge chake, akatoa kiazi cha ukubwa wa yai, akakishindilia chini ya mkono wa loke, kati yake na ukingo wa bodi. Akaachia. Loke ikabaki juu. Akatembea bila haraka mpaka kulia, akavuta chini, akaupokea mlango kwa bega, akaulaza juu ya minyororo yake. Kiazi kikadondoka, kikabingirika katikati ya ua, kikasimama karibu na kiatu cha baba mdogo.

Baba mdogo aliinama akakiokota. Alikigeuza kama daftari la mwanafunzi aliyenakili.

"Hii ni nini?"

"Kiazi," akasema shangazi, tayari ana gunia la kwanza kifuani.

"Naona iko kiazi. Inafanya nini mu mutihani?"

"Inafanya kazi."

"Yaya," akasema, maana ndivyo kwetu anavyoitwa dada mkubwa, "tulisema weye peke yako."

"Uliona mutu?"

Akaweka gunia la pili. Baba mdogo aliniambia nisome makubaliano. Nilisoma: peke yake, bila mtu na bila kamba. Akaniambia nisome tena polepole, nami nikasoma polepole, na maneno yakabaki yaleyale. Mtu mmoja nyuma akasema kwamba kweli, kiazi si mtu wala si kamba. Mwingine akasema kama mwalimu alitaka kukataza viazi angeviandika. Fundi, alipoulizwa maoni ya kitaalamu, alisema amewahi kuona gari linafika kutoka Bambu breki yake imeshikiliwa na kipande cha muhogo, na abiria walishukuru.

Baba mdogo hakukata tamaa. Alisema mtihani ni mtihani, lakini barabara ni barabara. Je, siku moja akiwa huko mbali na kiazi hana, atafanya nini?

Shangazi alipandisha gunia la tatu, akapangusa mikono.

"Mi niko nauza vyakula," akasema. "Siku nitakosa kiazi, ile siku sitakuwa na kitu ya kufungulia mulango."

Akaunyanyua mlango kwa bega, akausukuma. Kushoto tok, yenyewe, bila kuguswa. Kulia tak. Watu wakapiga makofi, na nilidhani mambo yamekwisha.

Baba mdogo hakupiga makofi. Alisogea karibu na dada yake, kiazi bado mkononi, na nilisikia kwa sababu nilikuwa nyuma yao nikiandika saa ya kumaliza.

"Yaya," akasema, "ile mulango ilifika bila weye. Masaa mbili." Akainua vidole viwili. "Mi nilikuwa nashaanza kutafuta maneno ya kuambia watoto."

Shangazi alimtazama. Alimpangusa kitu begani, vumbi pengine, ingawa mimi sikuliona, akamwambia akanywe chai. Baba mdogo alisema uamuzi wake atautoa baadaye. Alikwenda na kiazi.

Wiki ile fundi alinikumbusha kwamba lori la Ariwara linaondoka tena, na kwamba safari hii tukichora picha tutapata loke ya kushoto ya kweli. Nilikuwa nimeshanunua karatasi ngumu. Lakini shangazi alisema tusubiri kidogo. Nilimuuliza tusubiri nini, naye akasema anataka kwanza kuizoea hii iliyopo.

Jumanne, kabla jua halijapanda vizuri, nilikuta gari limepakiwa kabichi mpaka juu na baba mdogo amesimama karibu na mlango wa abiria. Alikuwa na mfuko mdogo na chupa ya chai. Alieleza, kabla sijauliza, kwamba kuna mwanafunzi wake wa zamani yuko Mongbwalu ambaye siku nyingi amemwahidi kumtembelea. Jina la mwanafunzi hakulitaja, na miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia.

Shangazi alikuwa ameshawasha injini. Aliinama kutoka kiti chake, akamtazama kupitia dirisha la upande wa pili.

"Unapanda kama musafiri," akauliza, "ao kama mutu wa pili?"

"Niko napanda kwanza," akasema baba mdogo.

Akapanda. Nilifunga lango nyuma yao.

Walirudi Jumatano alasiri, mlango uko mahali pake, matope yamemfunika ng'ombe mpaka kwenye macho. Nyuma kulikuwa na ndizi na madumu ya mawese, na mbele watu wawili waliokuwa katikati ya mazungumzo ambayo waliyakata waliponiona. Jumanne iliyofuata walikwenda tena pamoja. Na iliyofuata hiyo.

Uamuzi wa kikao bado haujatolewa. Nafasi yake katika daftari ni mistari minne, nimeiacha wazi. Ili kuijaza nahitaji kujua jambo moja tu: huko Mongbwalu, wachimbaji wakiwa wamesimama wanangoja kabichi, ni kiazi kinachoshikilia loke ya kushoto, au ni mkono wa baba mdogo? Kama ni kiazi, shangazi ameshinda. Kama ni mkono, basi mtu wa pili amepatikana, na kwa maandishi yetu anatakiwa kushika usukani, yeye asiyejua hata kuwasha gari.

Nimewauliza wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Shangazi aliniambia nimuulize ndugu yake. Baba mdogo aliniambia swali hilo ni la mwenye gari.